Thabeet, Edey, Maluach: masenta wa chuo tunawapima kwa kitu ambacho NBA hawakinunui

Mwaka 2009 Memphis Grizzlies walimchukua Hasheem Thabeet wetu kwa chaguo la pili la drafti, yaani siku timu za NBA zinapochagua vijana wapya kwa zamu, mita 2.21, katokea UConn, Chuo Kikuu cha Connecticut, na miaka 15 baadaye haohao Memphis wakamchukua Zach Edey kwa chaguo la tisa, mita 2.24, katokea Purdue. Wote wawili walitoka chuo na tuzo za kutosha, Hasheem mkabaji bora wa Big East, moja ya ligi za vyuo, misimu miwili mfululizo, Edey mchezaji bora wa vyuo Marekani nzima misimu miwili mfululizo. Halafu mmoja akashushwa ligi ya chini kabla msimu wake wa kwanza haujaisha na mwingine akaingia kikosi cha kwanza cha marukii bora, yaani wachezaji wa mwaka wa kwanza NBA. Ukikaa na watu wa kikapu hapa Dar kesi hii wanaifunga kwa sentensi moja tu, Edey anajituma Hasheem hakujituma, twende na mada nyingine.

Mi hiyo naichukua robo. Robo tatu zilizobaki ni kwamba kile kinachompa senta, yule mrefu wa chini ya ringi, jina chuoni karibu kila mara sicho kinachompa dakika NBA, dakika zinatoka kwenye kile kitu chake cha pili, kile ambacho chuoni hakuna aliyekuwa anakipigia makofi, na zinatoka pia kwenye swali la nani mwingine yupo kwenye timu iliyomchukua. Ukiyaangalia hayo mawili unaacha kushangaa kwanini jamaa wa pointi 25 kwa mechi anachaguliwa nyuma ya jamaa wa pointi 13.

Kwanza sheria, maana hapa ndo watu wanapita juu juu. NCAA, yaani kikapu cha vyuo, na NBA tunaziongelea kama mchezo mmoja ila NBA wanakimbia zaidi. Siyo kweli. NBA tangu msimu wa 2001-02 wana sekunde tatu za mkabaji, yaani huruhusiwi kuganda kwenye peinti, lile boksi la chini ya ringi, zaidi ya sekunde tatu kama hakuna mtu unayemkaba karibu yako, ukiganda wapinzani wanapiga frii moja, mtupo wa bure, na mpira wanabaki nao wao. Chuo hiyo sheria haipo. FIBA, shirikisho la kikapu la dunia, pia haipo, ndo maana hata kwenye ligi zetu za huku utakuta jamaa mrefu kapiga kambi chini ya ringi robo zote nne na watu pembeni wanasema huyu angezaliwa Marekani saa hizi ni milionea. Ongezea na peinti yenyewe, chuoni upana wake futi 12, kama mita 3.66, NBA futi 16, mita 4.88, kwahiyo senta anayeomba mpira akiwa kampa mkabaji mgongo, miguu ikiwa nje tu ya mstari, chuoni yupo karibu na ringi kwa zaidi ya nusu mita kuliko akifanya kitu hichohicho NBA. Nusu mita kwa mtu wa saizi ya Edey ndo tofauti ya kugeuka na kuweka, na kugeuka, kudunda mara moja na kunyang'anywa na kagadi, mchezaji mfupi wa kuendesha mpira, kalikojificha nyuma yake. Saa ya kurusha, yaani muda timu iliopewa wa kushambulia, chuoni ni sekunde 30, enzi za Hasheem ilikuwa 35, NBA ni 24, kwahiyo ule muda wa kumsubiri jitu afike, ajipange, ainue mkono, apewe mpira, huku haupo.

Sasa mwingize Hasheem wa 2008-09 kwenye hizo hesabu. Bloku, mitupo aliyoizuia, 4.2 kwa mechi, ribaundi, mipira aliyookota baada ya mtupo kukosa, 10.8, pointi 13.6. Hizo bloku nyingi zilikuja kwasababu gadi wa timu pinzani akimpita mtu wa kwanza anamkuta Hasheem yupo palepale, hajatoka na hana haja ya kutoka. NBA wakamtoa pale chini ya ringi. Senta wa timu pinzani anapanda juu kumwekea gadi wake skrini, yaani anasimama kama ukuta kumzibia mkabaji njia, Hasheem inabidi apande naye, sasa anatakiwa arudi kinyumenyume huku macho yako kwa watu wawili kwa mpigo, mwenye mpira na yule anayekimbilia ringi, na hiyo kazi inafanywa na miguu na nyonga, urefu unakuja mwishoni kabisa. Na huyu ni kijana aliyeanza kikapu na miaka 15, anaingia drafti na miaka 22, yaani mwilini ana miaka saba tu ya mchezo wakati wenzake wameanza wakiwa wanavaa pampasi.

Na ishara ilikuwepo, wala haikujificha. Februari 2009 Pittsburgh walimfuata UConn kwao, UConn ikiwa namba moja nchini, DeJuan Blair jamaa wa mita 2.01 tu akamaliza na pointi 22 na ribaundi 23, Hasheem pointi 5 na ribaundi 4, na kuna lile tukio wanagombania mpira wameshikana mikono, Blair akainama akamvuta akampitisha juu ya bega mpaka sakafuni. Dunia nzima ikacheka. Ila ile ilikuwa ni taarifa kwamba huyu mrefu akikutana na mtu mwenye kiuno cha chini na nguvu anahamishwa, na NBA kila usiku kuna mtu wa hivyo. (Blair mwenyewe kwasababu ya magoti akaanguka mpaka namba 37, drafti haina huruma.)

Upande wa pili sasa ni Memphis wenyewe, na hapa ndo nawalaumu zaidi. Walikuwa tayari na Marc Gasol. Haujaisha hata mwezi tangu drafti wakamleta na Zach Randolph. Gasol na Randolph wote wawili maisha yao ni kuanzia mstari wa frii kushuka chini, sasa huyu wa tatu asiyeweza kurusha wala kukaba nje unamweka wapi? Alipata kama dakika 13 kwa mechi, Februari 2010 wakamshusha Dakota Wizards, na mpaka wakati huo hakuna aliyewahi kuchaguliwa juu vile akashushwa. Nyuma yake kwenye drafti ileile alikuwepo James Harden namba 3, Stephen Curry namba 7, DeMar DeRozan namba 9, ndo maana kila mwaka jina la mtoto wa Dar linafukuliwa kwenye zile orodha za chaguo bovu. Kusema ukweli hata wangempa dakika 30 sidhani kama angekuwa nyota, mikono yake kwenye kupokea mpira ilikuwa inamwangusha na pasi ya haraka ikija chini ndo kabisa. Lakini kati ya kutokuwa nyota na kumaliza kazi NBA kwa mechi 224 na pointi 2.2 kwa mechi kuna ukumbi mkubwa sana, na humo ndani kuna masenta wa kawaida wengi tu wanaolipwa miaka kumi na majina yao huyajui.

Edey alikuta mlango wazi. Steven Adams alishauzwa Houston Februari 2024, nafasi ya senta ilikuwa tupu, na pembeni yake alikuwa na Jaren Jackson Jr., mtu mrefu anayerusha tatu, ile mitupo ya mbali ya pointi tatu, na aliyewahi kuwa mkabaji bora wa ligi 2023. Yaani pale Edey anapochelewa kutoka nje kuna mtu wa kumfichia, na pale anapotaka nafasi chini kuna mrefu mwenzake anayetoka kumpisha. Msimu wa kwanza akacheza dakika 21 na ushee, pointi 9.2, ribaundi 8.3. Kumbuka huyu chuoni alikuwa wa pointi 25.2! Hakuna aliyempigia mpira chini mara ishirini kwa usiku, walimpa kazi ya kuweka skrini kubwa kama ukuta, kukimbilia ringi na kuokota ribaundi za mashambulizi, na akaifanya bila kununa. Hicho ndo kitu chake cha pili. Skrini za Purdue hakuna mtu aliyekuwa anazihesabu.

Ila fainali ya vyuo ya 2024 nadhani ndo somo zuri kuliko drafti zote, Aprili 8, UConn na Purdue. Edey anamaliza na pointi 37 na ribaundi 10, na Purdue anafungwa 75-60. Kocha Dan Hurley wa UConn alimwachia Donovan Clingan amkabe Edey peke yake muda mrefu, hakuna kutuma mtu wa pili, wenzake wote wamegandana na warushaji wa Purdue huko nje. Purdue ilikuwa moja ya timu zinazorusha tatu vizuri kuliko zote nchini, usiku ule wakarusha tatu 7 tu na ikaingia 1. Moja! Hurley alipiga hesabu kwamba jitu likifunga mbili mbili hata lifunge 37 mimi sifi, nitakufa zile tatu zikianza kuingia. Sasa hiyo ndo akili ya NBA tupu, na miezi miwili baadaye Clingan wa pointi 13 akachaguliwa namba 7 na Portland, Edey wa pointi 25 akafuata namba 9.

Ukishaiona hiyo unaanza kuiona kila mahali. 2023 Edey aliwapiga Fairleigh Dickinson pointi 21 na ribaundi 15, timu fupi kuliko zote za daraja la kwanza, timu iliyopangwa namba 16, ya mwisho kwenye kundi lake, na Purdue wakatolewa 63-58. Mwaka mmoja kabla, 2022, Oscar Tshiebwe wa Kentucky anapiga pointi 30 na ribaundi 16 dhidi ya Saint Peter's, timu ndogo ya New Jersey ambayo nusu ya watu walikuwa hawajui chuo chenyewe kiko wapi, Kentucky nje, 85-79 kwenye muda wa nyongeza. Sisemi senta ndo alifungisha, mara nyingi yeye ndo alikuwa anaishikilia timu isizame. Nasema mpinzani mwenye akili keshagundua kwamba namba za senta zinaweza kupanda na timu ikashuka vilevile, na watu wa NBA wanaangalia mechi hizohizo tunazoangalia sisi.

Gonzaga nako msimu wa 2021-22 walikuwa na warefu wawili, Drew Timme ndo mfungaji mkuu, mwenye ujanja wa kila aina chini ya ringi, kipenzi cha watu na masharubu yake, na Chet Holmgren, kijana mwembamba wa mwaka wa kwanza mwenye pointi 14 ila anapiga bloku karibu nne na anarusha tatu. Holmgren akaenda namba 2, leo ana pete ya ubingwa na Oklahoma City ya 2025. Timme akarudi chuo mwaka mmoja zaidi, drafti ya 2023 ikapita timu zote bila mtu kumtaja.

Kuna watakaosema nawaonea wafungaji wa chini, mbona Jahlil Okafor alifanya vizuri mwanzo. Ndiyo, alitoka Duke na ubingwa wa 2015, namba 3 Philadelphia, rukii wa pointi 17.5 kwa mechi, ukisoma hiyo tu utasema huyu ni nyota. Timu ile ilishinda mechi 10 ikapoteza 72. Na walikuwa wameshawachukua Nerlens Noel na Joel Embiid, masenta watatu kwenye timu moja, Memphis ya Hasheem mara mbili, Disemba 2017 Okafor akatupwa Brooklyn na miaka michache baadaye NBA hayupo. Aliyechaguliwa namba 1 mwaka uleule, Karl-Anthony Towns, Kentucky alikuwa anacheza dakika 21 na pointi 10 tu kwasababu timu ilikuwa imejaa majitu, na tatu alirusha 8 msimu mzima zikaingia 2. Miaka saba baadaye, 2022, anashinda shindano la kurusha tatu la wikiendi ya nyota.

Sasa hapo ndo penye ugumu, hicho kitu cha pili utakionaje kama kocha wa chuo kakificha? Kwa Towns frii zake zilikuwa zinaongea, alikuwa anaingiza asilimia 81, senta mwenye mkono wa hivyo usimwambie hawezi kusogea nje. Bam Adebayo naye Kentucky ilikuwa danki na ribaundi, asisti hata moja kamili kwa mechi hana, Miami wakamchukua namba 14, kufikia 2019-20 anatoa asisti 5 kwa mechi na anakaba mpaka magadi. Ila kuna wengine hata frii haikusaidii kujua, Brook Lopez alikaa misimu minane ya kwanza NBA ana tatu 3 maishani, msimu wa tisa akafunga 134, na mwisho akabeba ubingwa na Milwaukee 2021 akiwa anasimama nje huko kama gadi. Kwahiyo anayekwambia ana fomula kamili ya senta anakuuzia mbuzi kwenye gunia.

Turudi kwa Tshiebwe maana huyu ananiuma kidogo, ni mtu wa Lubumbashi, Kiswahili kinazungumzwa mitaani kwao. Ribaundi 15.1 kwa mechi msimu wa 2021-22, mchezaji bora wa vyuo nchini, na bado 2023 hakuna timu iliyotaja jina lake. Alipata mkataba wa miguu miwili, huku Pacers huku ligi ya chini, baadaye Utah, na huko ligi ya chini ribaundi aliokota kama kawaida, hilo halina mjadala, ribaundi ni kitu kinachohama na mtu popote aendapo. Tatizo ana mita 2.06, hazuii sana karibu na ringi, na nje miguu inakuwa mizito. Halafu Lubumbashi hiyohiyo imemtoa Bismack Biyombo, urefu uleule, chuo cha Marekani hakukanyaga kabisa, kwenye kufunga yupo chini ya Tshiebwe mbali, ila alichaguliwa namba 7 mwaka 2011 na akadumu ligini zaidi ya miaka kumi. Mei 2016 na Toronto aliokota ribaundi 26 kwenye mechi moja ya mchujo dhidi ya Cleveland ya LeBron, na kiangazi kile Orlando wakampa dola milioni 72 kwa miaka minne. Biyombo alikuwa anapanda, anazuia, anatua, anapanda tena. Sifa ya chuo hakuwa nayo hata moja ya kumdanganya mtu.

Na kwa Tshiebwe ilikuwa na akili kurudi chuoni mwaka wa pili hata kama watu walimcheka, maana tangu Julai 2021 wachezaji wa vyuo wanaruhusiwa kuuza jina na sura yao, na senta mkongwe ndo mfalme wa mji wa chuo. Shida yeye alikuwa kwa viza ya mwanafunzi, kufanya kazi ndani ya Marekani haruhusiwi, ikabidi madili ayafanye Kentucky ilipoenda ziara Bahamas Agosti 2022. Edey kama Mkanada alikuwa na kifungo hichohicho. Sasa hivi vyuo vinalipa wachezaji moja kwa moja, kwahiyo tutarajie masenta wengi zaidi wa miaka 22, 23 wenye namba za kutisha, na ndo tutazidi kudanganyika nazo. Ingawa na ukongwe una faida, Ryan Kalkbrenner alikaa Creighton miaka mitano, mkabaji bora wa Big East mara nne, Charlotte wakampata namba 34 mwaka 2025 na msimu ukaanza yeye ndani. Huyu kazi yake ya chuo na kazi yake ya NBA ni ileile, hakubadilishiwa kitu.

Anayetuhusu zaidi kwa sasa ni Khaman Maluach. Mzaliwa wa Sudan Kusini, kakulia Kampala, mita 2.18, na kama Hasheem kaanza mpira akiwa mkubwa. Olimpiki ya Paris alicheza ana miaka 17, mwaka mmoja Duke akafunga kwa asilimia 71 maana anachorusha karibu chote ni danki, pointi 8.6 tu, halafu akaenda namba 10 na kuishia Phoenix. Hii inaonyesha timu zimejifunza, 2009 mtu wa pointi 8 asingesogezwa kumi bora. Wasiwasi wangu siyo pointi. Nusu fainali ya 2025 Duke na Houston, mechi iliyoisha 70-67, Maluach hakuokota ribaundi hata moja, jitu la mita 2.18, na waliokuwa wanamsukuma ni watu wafupi wenye viuno vya chini. Nikamkumbuka Blair palepale.

Halafu angalia Phoenix walichofanya usiku uleule wa drafti, wakamnunua Mark Williams kutoka Charlotte, senta, naye katokea Duke. Watu wa Kampala walilalamika sana na nawaelewa, inafanana kabisa na Gasol na Randolph. Ila mi hapa natofautiana nao kidogo. Maluach aliingia drafti na miaka 18 siyo 22 kama Hasheem, ligi ya chini siku hizi haichukuliwi kama adhabu, na wakimpa dakika 30 kule za kupanda juu, kurudi kinyumenyume na kupigana vikumbo na watu wazima, ni bora kuliko dakika 6 za mwisho mechi ikiwa imeshakufa. Kitu cha kumwangalia ni kimoja, timu pinzani ikiweka warushaji watano nje robo ya nne, je kocha anamwacha ndani au anamwita benchi. Na nafasi ataipata mapema kuliko watu wanavyodhani, maana huyo Williams mwenyewe Lakers walishamnunua Februari 2025, wakampeleka kwa madaktari, wakamrudisha.